Jina Lake Lilikuwa Kazini

Mfungua Maji alitembea polepole kuliko mtu yeyote kijijini, na hakuchelewa hata siku moja. Watu walikuwa wanampita njiani kwa haraka zao, ndoo kichwani, halafu wakifika bombani wanamkuta ameshakaa kwenye jiwe lake anafuta spana. Mpaka leo sijui alikuwa anapita wapi.

Kazi yake ilikuwa kufungulia maji. Sisi huku Newala tuko juu ya uwanda, maji yako chini bondeni. Mtambo unayasukuma yanapanda mpaka kwenye tangi letu, na kutoka kwenye tangi lazima awepo mtu wa kuyagawa kwa zamu. Leo mtaa wa msikitini, kesho mtaa wa shule, keshokutwa kule mwisho kwenye mikorosho. Anafunga koki hii, anafungua ile. Akikosea, mtaa mzima unabaki na vyombo vikavu. Kamati ya maji ya kijiji ndiyo iliyomwajiri, na aliwazika wenyeviti wawili akiwa kwenye kazi ileile.

Mimi ni mama yake mkubwa. Mama yake alikuwa mdogo wangu. Habari za kuzaliwa kwake siziandiki, hazisaidii kitu. Naandika alivyokuwa, na nitaandika nilichomfanyia, maana wapo wanaokisimulia vibaya na wapo wanaonisitiri. Sihitaji kusitiriwa. Nilisoma madarasa ya watu wazima tu, tena ukubwani, mkono wangu ni mzito. Basi na wewe soma polepole.

Foleni yake ilikuwa na sheria mbili. Mjamzito anakwenda mbele. Nyumba yenye msiba inakwenda mbele ya mjamzito. Baada ya hapo, kila ndoo inakaa ilipofikia. Siku moja mimi nilikwenda nikaweka ndoo yangu mbele, kwa kuwa ni mama yake mkubwa na jua lilikuwa kali. Aliinyanyua ile ndoo, akaibeba kwa mwendo wake ule wa kobe mbele ya macho ya watu wote, akaenda kuiweka mkiani kabisa.

“Mama mkubwa,” akasema, “ndoo yako iko huku. Kuna kivuli kizuri.”

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimnunia wiki nzima. Kila asubuhi alipita uani kwangu. “Shikamoo mama mkubwa. Umeamkaje?” Nami nawageukia kuku: “Nyie kuku, mwambieni huyo nimeamka.” Naye anawainamia kuku kwa adabu zote: “Kuku, mwambieni mama mkubwa nashukuru, na mimi nimeamka.” Siku ya nane nilicheka, yakaisha.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Huyo aliyeziba kila bomba lililovuja kijijini, paa la nyumba yake lilivuja juu ya kitanda. Badala ya kuliziba akahamisha kitanda. Likavuja na kule, akahamisha tena. Kitanda chake kilizunguka nyumba nzima kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa. Alikuwa na mke zamani, mtu wa Nanganga, mwanamke mpole sana. Aliondoka bila ugomvi. Aliniambia, “Mama, mimi sina kesi naye. Ila nikimwambia jambo, yeye masikio yake yako tangini, anasikiliza iwapo maji yamefika.” Nilimuuliza mwanangu kama ni kweli. Akasema, “Hata alipokuwa anaaga, mama mkubwa, nilikuwa nasikiliza maji.”

Na jambo jingine. Mtu huyu ambaye hakuvumilia kuamrishwa na mwenyekiti yeyote, aliyekuwa akiambiwa harakisha anapunguza mwendo, alikuwa anapenda mgambo kupita kiasi. Kila walipoitwa mazoezini alikuwa wa kwanza. Viatu alivipaka rangi mpaka kuku wanajiona. Alipiga kwata vizuri, wenzake wanasema, ila risasi zake ziliingia kwenye kichuguu cha shamba la jirani. Nilimuuliza anapendea nini. Akasema, “Kule nikiambiwa simama, wote tunasimama. Huku nasimamishwa mimi peke yangu.”

Hata hivyo mgambo hawakumwondoa, kwa sababu alizijua injini. Injini yoyote ya dizeli iliyogoma aliikalia mbele, akaitazama, akagusa huku na huku, ikawaka. Jeshi la akiba linataka watu wa namna hiyo. Ndivyo lilivyo: mtu ana kazi yake ya kiraia, anafundishwa, anarudi kazini kwake, na siku anayohitajika anaitwa.

Aliitwa kulipochafuka ng'ambo ya Ruvuma. Walitaka watu wa kulinda ukingo upande wetu, na walitaka mtu wa kuangalia jenereta na pampu ya kambi. Mshauri wa mgambo alikuja mwenyewe kijijini, kijana mwenye sauti ya upole, akakaa na kamati kwenye ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwepo, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Nilisikia kwa masikio yangu haya, nisiseme baadaye sikusikia.

“Huyu haachi kazi,” alisema. “Ameitwa. Akirudi anarudi palepale, na haki zake zilezile, na miaka yake inaendelea kuhesabiwa kama vile hakuondoka. Sheria ndivyo inavyosema. Mnaweza kuweka mtu wa kushikilia. Lakini huyo anashikilia tu.”

Mwenyekiti akauliza, “Na akikawia?”

“Mtasubiri.”

“Na asiporudi kabisa?”

“Jeshi litawaambia. Mpaka liwaambie, huyu yuko hai na ana kazi.”

Mwanangu alikuwa amekaa pembeni na begi lake. Alichosema ni kimoja: “Koki ya mtaa wa shule inageuka kinyume. Atakayeshikilia aambiwe, asije akaivunja.”

Aliyewekwa kushikilia alikuwa shemeji wa mwenyekiti. Hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa raha. Nimeishi sana kwenye uwanda huu. Nimeona watu wakishikiliwa mashamba ya mikorosho, msimu mmoja, msimu wa pili, na wa tatu mwenye shamba anaonekana ndiye mwizi. Yule mshauri alisema sheria, lakini sheria aliipakia kwenye pikipiki akaondoka nayo. Shemeji alibaki. Nilimwona anavyokaa kwenye jiwe la mwanangu, amekunja miguu, anatema mate pembeni. Nikasema moyoni, huyu hataondoka.

Kisha ikaja habari. Mgambo mwenzake, mtu wa Makote, alifika kwangu na begi na kofia. Hakutaka kukaa. Alisema mtumbwi ulipinduka wakivuka na mapipa ya mafuta. Wengine waliogelea. Mwanangu hawakumwona tena, walitafuta siku tatu.

Nilituma mtu kwa mshauri wa mgambo. Jibu lilikuja: “Mwambieni mama jeshi halijasema. Asubiri.” Niliambiwa hivyo, asubiri. Sikusubiri.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa msomaji ambaye si wa huku. Kwetu mtu akifa jina lake haliachwi likalala chini. Baada ya arobaini ukoo unakaa, unamchagua mmoja, mara nyingi mtoto wa dada yake, analipokea. Ananyolewa, anavikwa kitambaa cheupe, anapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, mkubwa wa ukoo anamwita kwa jina la marehemu, naye anaitika mara tatu. Kuanzia hapo yeye ndiye. Wadogo wa marehemu wanamwamkia. Vitu vya marehemu ni vyake, na mzigo wa marehemu ni wake. Jina lake la zamani linaachwa. Na likishapokelewa halivuliwi. Wazee walituambia kwamba ukimvua jina aliyelipokea, mmoja wa ukoo atakufa, hataona mvua nyingine.

Nilisoma arobaini, nikaita ukoo. Nilimchagua mtoto wa dada yake, kijana wa Chiungutwa, mwendesha bodaboda, mwenye mke na mtoto mmoja, mtu mtulivu. Nilimkalisha kwenye mkeka. Nilimnyoa mwenyewe. Nikaita jina, akaitika naam. Nikaita tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa nene kidogo, na wanawake wawili walilia, wakasema ni sauti ya mjomba wake. Mimi nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa, nilifurahi.

Wiki ileile nikampeleka kwenye kamati. Nikasema aliyekuwa na kazi amekufa, na aliyepokea jina lake ni huyu, kwa hiyo kazi ni yake. Shemeji na aondoke kwenye jiwe.

Mwenyekiti hakupenda. Lakini desturi anaijua, na watu walikuwa wamejaa mlangoni. “Mama Zuhura,” akaniambia, “unathibitisha amekufa?”

“Nathibitisha.”

“Umeiona maiti?”

“Kofia nimeiona.”

Katibu akaandika. Jina langu najua kuliandika, lakini siku ile nilitia dole gumba tu. Shemeji akatolewa. Kijana wangu akakabidhiwa funguo za tangi. Kwenye daftari la kamati hawakubadilisha hata herufi moja, jina lilikuwa lilelile. Nilirudi nyumbani najiona nimeokoa kazi ya mwanangu isitoke nje ya nyumba. Ndivyo nilivyofikiri. Kumbe kazi yake ilikuwa imekaa salama, inamngoja, na mimi ndiye niliyeifukia.

Alirudi baada ya msimu wa korosho. Nilikuwa uani natandaza mihogo juani. Nikasikia, “Shikamoo mama mkubwa.” Nikainua macho.

Alikuwa amekonda, amebeba mfuko wa plastiki, ndevu zimeota ovyo. Niliitazama miguu yake, nione kama inagusa chini. Aliona ninachotazama. Akainua mguu mmoja, akaukanyagisha mchangani taratibu, akauinua, akanionyesha alama.

“Inagusa,” akasema.

Alikaa mbali nami kidogo akanieleza. Mto ulimtupa ng'ambo. Wanajeshi wa kule walimkamata hana karatasi, wakamweka miezi mpaka walipojua ni nani. Alirudishwa kambini, akapewa barua ya kuruhusiwa na jeshi, akaambiwa nenda nyumbani na uripoti kazini mapema. Lori lilimshusha Nanganga, akapata bodaboda ya Masasi, halafu gari la kupanda huku. Barua ilikuwa ndani ya ule mfuko, ameikunja ndani ya karatasi nyingine.

“Nile kwanza au niripoti kwanza?” akaniuliza.

Nikasema, “Kula kwanza.” Nilitaka ale ili nipate muda. Lakini alishasimama. “Nitakula baadaye. Wamesema mapema.”

Nilimfuata nyuma. Tulipotokea bombani, foleni ilivunjika. Ndoo zilibaki zimepangana na hakuna mtu. Yule kijana alikuwa ameinama kwenye koki. Akageuka, akamwona, akaachia spana ikaanguka. “Mjomba,” akasema, kisha akaziba mdomo, maana tangu arobaini hakuwa na mjomba tena, mjomba alikuwa yeye.

Mfungua Maji aliitazama koki. “Hiyo ni ya mtaa wa shule,” akasema. “Inageuka kinyume. Malizia kwanza, usiwaache watu bila maji.” Akakaa kwenye jiwe akangoja mtoto wa dada yake amalize kazi.

Kesho yake alikwenda kwenye kamati na barua. Mwenyekiti aliisoma mbele na nyuma.

“Sisi hatujamfukuza mtu,” akasema. “Tazama daftari. Jina lako hili hapa. Halijakosa kazini hata siku moja.”

“Huyo siye mimi.”

“Kwa mujibu wa ukoo wenu ndiye wewe. Karatasi ninayo, na dole la mama yako mkubwa lipo. Sisi tulikuwa tumeweka mtu wa kushikilia, kama tulivyoambiwa. Nyinyi mkaja mkasema hapana, amekufa, jina limepokelewa. Sasa unataka nimwandike nani, na nimfute nani?”

Hakuwa mtu mbaya, yule mwenyekiti. Shemeji yake alitolewa mbele ya watu na mimi ndiye niliyemtoa, lakini sidhani alisema vile kwa kisasi tu. Kweli hakujua aandike nini.

Basi mwanangu akaanza kuishi hapa kama mtu asiyekuwepo. Msikitini hawakumkataza kuingia, ila safu ilijiachia nafasi kulia kwake na nafasi kushoto kwake. Dukani mwenye duka alisukuma sukari juu ya meza kwa kidole, wasigusane mikono. Akipita, watu wanaongea kwa sauti ya chini. Wapo waliompenda, na hao ndio walikuwa wabaya zaidi. Mwanamke mmoja jirani yangu alimletea chakula, sahani imefunikwa vizuri, akamsubiri ale, kisha akamuuliza kwa heshima, “Huko ulikotoka, kaka, hukumwona ndugu yangu? Alitangulia mwaka juzi.”

“Mimi nilikuwa Msumbiji, dada,” akamjibu.

“Najua,” yule akasema. “Lakini hukumwona?”

Aliniambia habari hiyo huku anacheka. Kicheko kilikwenda kikakatika njiani, akabaki anatazama sahani.

Alikwenda mjini kwa afisa wa kazi. Alikwenda kwa miguu sehemu kubwa, na aliwahi. Afisa alimwambia haki ni yake, haina ubishi, kazi ya mtu wa jeshi la akiba inamngoja. Lakini kuna karatasi ya kijiji inayosema amekufa, na iliyoitia dole ni mkubwa wa ukoo wake. Amlete huyo mama aseme mbele yake kwamba hakuona maiti na aliambiwa asubiri. Na wasikae, kwa sababu malalamiko yana siku zake, zikipita mlango unafungwa.

Alikuja kwangu akaniambia yote hayo, amechuchumaa pale kwenye mihogo.

“Mguu unaniuma,” nikasema.

Mguu ulikuwa hauumi.

“Nitakodi pikipiki ikufuate mpaka mlangoni.”

“Nitakwenda Jumatatu.”

Jumatatu ilikuja, nikalala na kujifunika. Ya pili nikasema nina mgeni. Niliogopa vitu viwili, na nitavitaja vyote. Niliogopa lile neno la wazee. Yule kijana nilimnyoa kwa mkono wangu, ana mke na mtoto. Nikivua jina, nani kati yao hataona mvua? Hicho ndicho nilichowaambia watu. Cha pili sikumwambia mtu. Niliona haya. Mimi Mama Zuhura, ninayenyoosha ugomvi wa nyumba za watu, nikasimame mbele ya kijana wa ofisini niseme nilimzika mtu mzima kwa sababu ya kumchukia shemeji wa mwenyekiti.

Jumatatu ya tatu alikuja, akanitazama nilivyojifunika. “Mama mkubwa,” akasema, “nilikuwa nasikia unavyoniombea dua kule ng'ambo. Nilijiambia, kuna mtu mmoja ananingoja.” Hakusema kwa kunisimanga. Angenisimanga ningepata la kumjibu. Akaaga kwa adabu, akaenda. Siku za afisa zikaisha.

Aliteremka bondeni. Chini kule kuna chemchemi na ardhi nyeusi, akalima mchicha na miwa. Njia ni mteremko mkali, watu wazima hatuendi. Nilisikia habari zake kwa wanaouza mboga: yuko, anaamka, anamwagilia, haongei. Mwaka ukapita hivyo. Kila siku ya maji nilisimama kwenye foleni, kijana akanijazia ndoo yangu kwa zamu yake, maji yakiwa yaleyale. Niliyanywa. Hayakuwa na ladha.

Kilichoninyanyua ni yule kijana. Alikuja uani kwangu mchana, uso umemshuka, akakaa chini kama mtoto.

“Bibi,” akasema, “nimekutana naye mnadani Makote. Nimemwamkia. Nimesema shikamoo mjomba, nimesahau, au sikusahau, sijui.”

“Akaitikaje?”

“Hakuitika. Yeye ndiye aliyeniamkia mimi. Alivua kofia, akaniinamia, akasema shikamoo, akanitaja jina. Bibi, ameniita kwa jina lake.”

“Kwa dhihaka?”

“Ingekuwa dhihaka nisingekuja. Ameniita kwa heshima. Kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake.” Akaanza kujisugua paji la uso, pale nilipompaka unga. “Niondoe kwenye kazi ya watu. Jina kama halitoki, halitoki. Lakini kazi niondoe.”

Nilijifunga khanga ya pili, nikaenda kwenye kamati siku ileile. Nilisimama, sikukubali kiti.

“Andikeni,” nikasema. “Sikuona maiti. Niliambiwa nisubiri, sikusubiri. Nilitia dole kwenye uongo.”

Mwenyekiti akasema, “Mama Zuhura, haya yameshapita. Kama kijana anaacha, nafasi iko wazi. Tutamwajiri upya huyo mwingine, tumpe jina lolote, yaishe.”

“Upya kwa nini? Mlimwachisha lini?”

Katibu alifunua daftari, akalifunga.

“Mtu ambaye hamjamwachisha mnamwajiri vipi? Amerudi. Andikeni amerudi, tangu siku ile aliyokuja na barua yake mkaisoma mbele na nyuma. Na miaka yake yote ya nyuma, na ile ya mtoni.”

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alishika kalamu. “Sawa, bibi. Lakini naandika nani?” akaniuliza. “Jina lina mwenyewe.”

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nilifungua mdomo. Ningeweza kuliita jina pale, likarudi kwa mwenyewe, nikaona mvua itaamua nini. Nyuma yake, pale nje, nilimwona mkewe na mtoto wao mgongoni. Nikafunga mdomo.

Katibu akangoja, kisha akaandika alichoweza. Aliandika: Mfungua Maji wa kijiji hiki, aliyeitwa jeshi la akiba, amerejea kazini kwake. Wakatia muhuri. Safari hii sikutia dole. Niliandika jina langu lote, herufi moja moja, mpaka mwisho.

Kesho yake niliteremka bondeni. Nilishuka kwa makalio palipokuwa pabaya. Nilimkuta kwenye matuta ya mchicha, mvi zimemshika, anachota maji kwa kopo. Nilimpa karatasi. Alijifuta mikono, akaisoma amesimama. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo.

“Wameandika amerejea,” akasema.

“Ndiyo.”

“Hawakuandika ameajiriwa.”

“Niliwakataza.”

Akasoma tena. Kidole chake kilikwenda mwanzoni mwa mstari, pale panapokaa jina, kikatulia pale. Nilimngoja aniulize. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, habari za wazee, habari za mtoto wa yule kijana. Hakuuliza. Aliikunja karatasi, akaingia kibandani, akatoka na shati safi.

“Twende, mama mkubwa,” akasema. “Leo ni zamu ya mtaa wa shule.”

Ilikuwa kweli. Mwaka mzima bondeni, na alikuwa anazihesabu zamu.

Tulipanda. Alinishika mkono kwenye mawe, akapunguza mwendo wake ambao tayari ulikuwa mdogo. Mkono ulikuwa wa moto, wa mtu. Tulipotokea juu foleni ilikuwa ndefu, na safari hii haikuvunjika. Watu walikuwa wameambiwa. Waliitika salamu zake, mmoja mmoja, bila kumtazama sana. Kijana alikuwa anangoja na spana mkononi, pikipiki yake imeegeshwa pembeni ikiwa na mzigo wa kurudi Chiungutwa.

Hapo mama mmoja wa mkiani mwa foleni akapaza sauti, akaita lile jina. Alitaka kujua kama maji yatafika kwake kabla hayajakatika. Sijui alikuwa anamwita yupi, nadhani hata yeye hakujua.

“Naam, dada,” kijana akaitika, akageuka.

Mfungua Maji alikuwa ananipita begani. Nilimtazama usoni, kwa karibu, nione kama amejizuia kuitika. Hakuwa amejizuia, jina lilimpita kama la mtu mwingine. Aliipokea spana kutoka kwenye mkono wa mtu aliyeitika, akaenda kwenye koki ya mtaa wa shule, akaanza kuigeuza.